Mstari Mweupe wa Pili

Kila asubuhi, kabla Bi Tolmie hajashuka na chai, mimi huondoa nyuzi za kushikizia. Marinda ya kilti, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, hushikizwa kwanza kwa uzi wa pamba ili yasihame yanapopigwa pasi, kisha uzi ule huvutwa polepole, rinda baada ya rinda. Ni kazi ndogo. Naipenda kwa sababu hainilazimishi kusema na mtu.

Jumanne ile nilikuwa nimefika rinda la tisa niliposikia kitu kikikwaruza kioo cha dirisha.

Niliinua macho. Mwanamke mzee alikuwa amesimama nje kwenye manyunyu, hana mwavuli, kiganja kimebandikwa kwenye kioo. Hakunitazama mimi. Alikuwa akiitazama kilti iliyovalishwa sanamu ya dirishani, na kidole chake kilikuwa kikifuata mistari yake. Juu, chini. Juu, chini.

Nilipomtambua, uzi ulinikatikia mkononi.

Alikuwa Nan Lintie, mama wa mtu aliyeniandikia barua ambayo nilikuwa nimeificha chini ya rula yangu kwa siku kumi na mbili.

Ni barua ileile niliyoishia nayo wiki iliyopita katika masimulizi haya. Kwa anayeanza leo, nitasema kwa kifupi nilivyojiingiza humu. Naitwa Morven Geddes. Tangu nimalize chuo cha ufumaji nafanya kazi kwa Bi Ishbel Tolmie, mshona kilti wa hapa Buckie, na mimi ndiye ninayeendesha duka lake la mtandaoni. Majira ya baridi yaliyopita nilikuta kwenye droo ya chini kipande cha tartani, kitambaa cha miraba ambacho kila ukoo una muundo wake, cheusi na buluu, chenye karatasi iliyoandikwa neno moja tu: Cowie. Kilinishika moyo. Nikatafuta jina Cowie katika daftari la taifa la tartani, nisione inayofanana nacho. Nikahesabu nyuzi, nikachora, nikapeleka mchoro kiwandani, wakafuma jora zima. Nikaliita "Cowie wa Pwani". Chini ya picha nikaandika: Muundo halisi, umethibitishwa.

Aliyeuthibitisha ni mimi, peke yangu, na kikombe changu cha chai. Kilti kumi na moja zikauzwa.

Ndipo ikaja barua ya Innes Cowie. Tartani ile ilikuwa imesajiliwa kwa masharti: haifumwi wala haiuzwi bila idhini ya familia. Ila haikusajiliwa kwa jina la Cowie. Ilisajiliwa kwa jina la Lintie.

Mtu wa mbali angesamehewa. Mimi nimezaliwa hapa. Mji wetu umejaa Cowie na Flett na Smith mpaka jina la ukoo halimtambulishi mtu, ndiyo maana kila familia ya wavuvi ina lakabu yake. Lakabu huandikwa kwenye hati ya mshahara, na huchongwa kwenye jiwe la kaburi. Hawa ni Cowie wa Lintie, yule ndege mdogo anayeimba vichakani. Nilikwenda kutafuta tartani ya watu wa kwetu kwa jina ambalo hata tarishi wetu halitumii.

Mwisho wa barua Innes aliandika kwamba Jumanne saa nne angekuja mwenyewe kuchukua majibu kwa maandishi, na asipoyapata, mambo yangekwenda kwa wakili. Jumanne yenyewe ndiyo hii. Bi Tolmie hakujua lolote. Saa ilikuwa tatu na nusu.

Kengele ya mlango ikalia.

"Wewe ni wa Geddes gani?" Nan Lintie aliuliza kabla hata ya salamu.

"Mjukuu wa Geddes mwokaji."

"Aa. Nilijua. Naye alikuwa hawezi kumtazama mtu usoni, anauambia mkate habari za asubuhi."

Nilitazama sakafu. Maji yalikuwa yakimchuruzika kwenye koti na kufanya kidimbwi miguuni.

"Keti, Bi Nan. Umelowa."

"Sikuja kuketi." Alisogea hadi kwenye sanamu, lakini hakuigusa. "Jumamosi nilimwona mwanangu."

"Innes?" niliuliza, ingawa nilijua siye.

"Innes yuko kwangu kila siku. Huyo simwoni hata tukila meza moja. Nilimwona yule mwingine."

Hakuna mtu Buckie asiyejua habari ya Magnus Lintie. Miaka kumi na sita iliyopita alitupwa na wimbi kutoka mashua yao, mdogo wake Innes akiwa kwenye usukani, na bahari haikumrudisha. Nan alifumisha kitambaa kipya kwa ajili yake. Bi Tolmie akashona kilti moja tu kwa kitambaa hicho, kwa vipimo vya Magnus, na familia ikatoka na mashua ikaitia majini. Mimi nilikuwa bado mtoto. Nakumbuka mapazia ya mtaa mzima yalifungwa mchana.

"Alikuwa akipanda kutoka bandarini," Nan alisema. "Mgongo wake tu ndio nilioona. Marinda yanacheza, kushoto, kulia. Kitambaa kilekile nilichokitia majini kwa mikono hii. Nikamfuata. Nikajiambia, Nan, usiite. Ukiita atageuka, na akigeuka atakuwa mtu mwingine."

"Uliita?"

"Niliita. Akawa mtu mwingine."

Sikujua pa kuiweka mikono yangu.

"Mkanada," akaendelea. "Mpole, maskini. Aliniketisha kituo cha basi, akaninunulia chai, akanionyesha kwenye simu alikoinunua. Nikamwambia kitambaa hiki mimi nakijua. Akaniambia, 'Lazima unakijua, mama. Ni muundo halisi, umethibitishwa.'"

Maneno yangu mwenyewe. Niliyaandika siku ya jua, nikiwa na furaha, nikitafuna mkate wa siagi.

"Bi Nan, mimi..."

"Ngoja. Nina swali moja tu." Sasa alinigeukia, na macho yake yalikuwa angavu mno, kama ya mtu mwenye homa. "Kile changu kilikuwa na mstari mweupe mmoja. Hiki kina miwili. Nani ameongeza wa pili?"

Lilikuwa swali jepesi, na jibu lake lilikuwa herufi nne. Lakini nilimwona anavyosubiri. Alikuwa anasubiri jina, na halikuwa langu.

"Kilirudi na mstari wa pili," alisema kwa sauti ya chini. "Nilimpelekea chenye mmoja baharini, kikarudi na miwili. Mtu anayetuma kitu hivyo anajibu kitu. Sivyo?"

Naona haya kuliandika hili, lakini nilinyamaza na kumwacha aendelee kuamini.

Ngazi zikalia. Bi Tolmie alishuka kinyumenyume kama kawaida yake, sinia mkononi, chai na mikate juu yake, akiongea kabla ya kufika chini.

"Morven, pasi imepoa na wewe umesimama kama kigingi. Nani huyo ananimwagia bahari sakafuni?"

"Ni mimi, Ishbel."

Sinia likatua mezani kwa kishindo.

"Nan Lintie! Miaka kumi na sita unapita ng'ambo ya barabara, unakanyaga madimbwi usipite mlangoni kwangu. Leo mvua imekukosesha njia?"

"Uliniapia."

"Niliapa."

"Kwamba hutakata tena kitambaa kile."

"Na sijakata. Kipande kimoja ninacho kwenye droo, na droo haifunguliwi." Bi Tolmie alitugeukia wote kwa hasira ya mtu asiye na kosa. "Nani anasema nimekata?"

Nan alionyesha dirisha kwa kidevu.

Bi Tolmie ana mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Haruhusiwi mtu kulitaja. Alikwenda dirishani, akavuta kioo cha kukuzia kinachoning'inia shingoni kwake, akainama hadi pua ikagusa marinda.

"Mmoja," alihesabu. "Wawili. Nan, hebu njoo uhesabu na wewe. Unadhani sikushtuka siku jora hili lilipofika? Nilikaa nalo pale kwenye mwanga wa mlango, moyo unanidunda. Nilipoona mistari miwili nikasema, ashukuriwe Mungu, si kile. Ndipo nikashika mkasi. Huyu binti aliuchora mwenyewe. Amesomea. Sivyo, Morven?"

Kosa langu ndilo lililomfichia ukweli. Ningenakili vizuri, angekitambua siku ileile, na kusingeuzwa hata kilti moja.

"Sivyo, Morven?"

Kengele ililia tena, nami nikaishukuru kama mjinga.

Innes Lintie ni mtu mkubwa anayejikunja mlangoni. Aliingia kofia mkononi, bahasha ya plastiki kifuani. Alimwona mama yake na uso wake ukajifunga.

"Mama. Umefuata nini huku?"

"Uzi."

"Nyumbani kuna uzi wa kutosha kufungia meli."

"Basi nimefuata chai," Nan alisema, akaketi, na kuvuta kikombe cha Bi Tolmie.

Innes hakumtazama tena. Nilivyowaona, hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Mmoja akiketi, mwingine husimama.

"Nimekuja kuchukua majibu," aliniambia.

"Majibu ya nini?" aliuliza Bi Tolmie.

Hapakuwa na pa kukimbilia. Niliinua rula, nikaitoa barua, nikampa. Aliishika karibu na jicho, kisha akanirudishia.

"Isome. Kwa sauti. Uliyejua kuificha utajua na kuisoma."

Niliisoma yote. Sauti yangu ilikuwa inapotea katikati ya maneno, Innes akawa ananiambia, "Sijasikia," nami narudia. Nilipofika tarehe, Bi Tolmie alifumba macho.

"Siku kumi na mbili," alisema. "Na kila asubuhi unaniuliza kama nimelala vizuri."

Nilitamani anipige. Lakini Bi Tolmie ana miaka arobaini dukani, na kabla chozi langu halijafika kidevuni alikuwa ameshasimama upande wangu.

"Haya, kijana, toa hati yako. Tartani ni hesabu ya nyuzi. Yako imesajiliwa na mstari mweupe mmoja, yetu ina miwili. Sheria itamshikaje mtu kwa kitambaa ambacho hajakifuma?"

Innes alitoa karatasi ya usajili na kuilaza mezani, mbali na chai.

"Wakili wangu amesema hivyohivyo," alijibu polepole. "Amesema yote yanategemea neno la huyu msichana. Kama aliuchora mwenyewe, kutoka kichwani, na kufanana ni bahati tu, aandike hapa, atie sahihi, nami natoka na mlango naufunga mwenyewe. Kama ameunakili, nataka jora lote. Nataka kilti kumi na moja zirudi kutoka kila zilikokwenda. Na nataka tangazo kwenye tovuti yenu, kwa jina la duka hili, kwamba mliuza alama ya msiba wa watu."

Aliweka kalamu juu ya karatasi tupu.

"Andika, binti," alisema Bi Tolmie. "Mstari mmoja tu, tunywe chai."

Aliamini. Hakuwa akinifundisha kudanganya. Alikuwa ananipa nafasi ya kusema kile alichodhani ni kweli. Jina lake liko juu ya mlango ule kwa rangi ya dhahabu, na kila kiangazi analipaka upya mwenyewe, akiwa juu ya ngazi, ingawa siku hizi herufi zinayumba.

Nilishika kalamu. Nan alinitazama kutoka nyuma ya kikombe. Yeye hakuwa na haja na karatasi. Alikuwa bado anasubiri jina.

Niliandika "Mimi". Nikasimama hapo.

"Haligeuki," nilisema.

"Sijasikia," alisema Innes.

"Umbo lake haligeuki." Nilivuta jora mezani na kulifungua, kwa sababu mikono yangu husema vizuri kuliko mdomo. "Tartani nyingi huenda hadi mahali fulani, kisha hugeuka na kurudi kwa njia ileile. Kama mtu anayetembea hadi mwisho wa ukuta wa bandari, halafu anarudi nyumbani. Chuoni tulifundishwa kupatafuta pale pa kugeukia. Hiki cha kwenye droo hakina. Kinakwenda, kinafika mwisho, kinaanza tena kwenda. Hakirudi."

"Kwenye droo," Bi Tolmie alirudia, taratibu.

"Nilifungua droo. Sikukuuliza. Nikakihesabu mara tatu na mara zote tatu hakikurudi. Nikaona mfumaji wa zamani alikosea." Machozi yalikuwa yakidondoka kwenye sufi, nikayafuta kwa mkono wa sweta. "Nikamsahihisha. Nikakigeuza ili kirudi. Kikirudi kinapita tena palepale penye weupe, ndiyo maana mistari ikawa miwili. Sikukichora. Nimekinakili, na nimekinakili vibaya, na nikaandika kwamba ni halisi."

Bi Tolmie aliketi juu ya kasha la vitambaa.

Lakini mimi nilikuwa namtazama Nan. Homa ile ya macho ilikuwa inazimika mbele yangu.

"Kosa, basi," alisema.

"Kosa, Bi Nan."

"Si yeye."

"Si yeye. Ni mimi."

Alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubali bei. "Nilimwambia mfumaji, usikigeuze. Akaniambia, Nan, kitaonekana kimekosewa. Nikamwambia, mwanangu hakurudi, na hiki kisirudi." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Na wewe ukakirudisha. Mjukuu wa mwokaji."

"Imetosha," alisema Innes. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alichukua mkasi mkubwa wa Bi Tolmie kutoka kwenye msumari wake. "Amekiri. Jora ni langu. Siliachi litoke humu hata futi moja."

"Kijana, huo mkasi ni wa kitambaa, si wa hasira," alisema Bi Tolmie, lakini kwa unyonge.

"Soma hapo uone nakata nini!" Innes aliigonga karatasi ya usajili kwa mpini. "Nyeusi kwa maji yaliyomchukua. Buluu kwa anga ya asubuhi ile. Mstari mmoja mweupe kwa ndugu aliyepotea. Ndugu mmoja! Nyinyi mmewauzia watu ndugu wawili. Watu wanakalia kifo changu kwenye harusi zao!"

"Kifo chako?" Nan aliuliza.

Innes aliutazama mkasi mkononi mwake.

"Nani aliandika hayo, ya mstari mweupe?"

"Mimi. Fomu ilitaka maelezo. Wewe ulikuwa husemi."

"Hukuniuliza."

"Ulikuwa husemi, Mama! Miaka kumi na sita unaniwekea sahani mezani kisha unageukia jiko. Ningekuuliza wakati gani? Kila mtu mji huu anajua mstari ule ni wa nani. Na kila mtu anajua nani alishika usukani."

Alilivuta jora, akapanua mkasi, akaupandisha juu ya ukingo wa kitambaa. Bledi mbili zikakaa moja juu, moja chini.

Nan alinyanyuka. Sikuona alivyofika. Niliona tu mkono wake, wenye mishipa na baridi ya mvua, ukitua bapa juu ya kitambaa, katikati ya midomo ya mkasi.

"Toa mkono, Mama."

"Magnus ni mweusi," alisema. "Weusi wote ule, kila uzi. Sikuhitaji mstari wa kunikumbusha Magnus."

"Mama, toa mkono."

"Siku ile ulisimama mlangoni. Umelowa, mweupe kama chokaa, meno yanagongana. Na mimi nikakutazama nyuma ya bega, nikasema, 'Yuko wapi?'" Kidole chake kilianza kuufuata mstari, kama kilivyofanya kwenye kioo. "Nilikuwa na neno lingine. Lilikuwa hapa kooni. Likatangulia hilo la kuuliza. Ukapita ukaenda kukaa gizani chumbani kwako, na kila nilipotaka kulisema nikaona limechelewa, na kesho likawa limechelewa zaidi. Nikamwambia mfumaji aliweke kwenye kitambaa. Nikamtumia Magnus baharini ili ajue."

"Ajue nini?"

Mkasi ulikuwa bado wazi. Chuma kilikuwa kinagusa ngozi ya kidole gumba cha mama yake. Bi Tolmie aliinuka nusu. Kalamu ilikuwa bado kwangu, na karatasi ikiwa na neno moja tu.

Nan alimtazama mwanawe usoni, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mlangoni.

"Wewe, Innes," alisema. "Mstari mweupe ni wewe. Umerudi, mwanangu. Umerudi."